Mlango wa Nakshi Hautoshi: Urithi na Utunzaji wa Mazingira katika Hoteli za Ufukweni

Karibu kila pwani yenye watalii ina hoteli ya namna hii. Sehemu ya mapokezi ina mlango mkubwa wa nakshi wenye misumari ya shaba, ila haufunguki kwa sababu nyuma yake ni ukuta. Juu ya zege yamelazwa makuti ya kutazamwa tu. Mvua inazuiwa na zege. Kuta zimepakwa rangi nyeupe ya plastiki ili zifanane na chokaa, na madirisha ya vyumbani hayafunguliwi kwa kuwa kiyoyozi kinaunguruma usiku na mchana. Kwenye matangazo yake hoteli hiyo imeandika mambo mawili kwa pamoja: kwamba imechota urithi wa wenyeji, na kwamba inatunza mazingira.

Mambo hayo mawili huuzwa kama pacha, na ndiyo maana mjadala wake huvurugika. Wapo wanaoamini kwamba ukijenga kizamani umeshatunza mazingira. Wengine wanaona urithi ni pambo la gharama tu, na mazingira ni shauri la paneli za sola na mabomba. Kumbe wajenzi wa kale wa mwambao walikuwa wakihangaika na matatizo yale yale yanayomsumbua mwenye hoteli leo: chumvi, joto lenye unyevu, uhaba wa maji matamu na bahari isiyotulia mahali pake. Majibu yao yamo ndani ya nyumba zenyewe, katika unene wa ukuta, upana wa chumba na mahali dirisha lilipowekwa. Anayechukua sura ya nyumba na kuiacha kazi iliyofanywa na kila kipande chake anakosa vyote viwili, urithi na mazingira. Na anayenakili kila kitu bila kufikiri anaweza kuleta madhara makubwa zaidi, kwa sababu baadhi ya malighafi za zamani haziwezi tena kuhimili mahitaji ya leo.

Tuanze na ukuta, maana hapo pana mengi.

Lamu, Mombasa, Zanzibar, Kilwa, na hata mtaa wa kale wa Jeddah kwenye Bahari ya Shamu, miji ya mawe ya pwani ilijengwa kwa matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa. Kuta hufika nusu mita kwa unene, wakati mwingine zaidi. Chokaa nayo ilitoka kwenye matumbawe hayo hayo. Magogo hupangwa kwa duara, vipande vya mawe hurundikwa juu yake, moto huwashwa na kuachwa uwake mpaka uishe, kisha mawe yaliyoungua humwagiwa maji yakavurugika kuwa unga mweupe, nao huachwa uive kwa majuma au miezi kabla ya kutumika. Fundi chokaa hana haraka, na hilo ndilo la kwanza kumkera mwekezaji.

Lakini tazama anachokipata kwa subira yake. Hewa ya bahari imejaa chumvi, na chumvi huingia ukutani pamoja na unyevu. Unyevu ukikauka, chumvi hubaki na kuganda kuwa fuwele zinazotanuka na kubomoa kila kilicho karibu nazo. Ukuta wa chokaa una vitundu vidogo mno, kwa hiyo unyevu huingia na kutoka bila kizuizi. Uharibifu ukitokea, hutokea kwenye plasta ya nje ambayo ni laini na rahisi kurudishia, na jiwe la ndani husalimika. Kupaka chokaa upya kila baada ya misimu kadhaa kulikuwa jambo la kawaida, kama kufagia ua. Saruji hufanya kinyume. Ni ngumu, haipumui, na ikipakwa juu ya ukuta wa zamani wa chokaa inaufungia unyevu ndani. Baada ya muda plasta inabanduka vipande vipande, na mara nyingi inaondoka na uso wa jiwe. Wanaohifadhi majengo ya kale wanalijua vizuri janga hili: nyumba imeishi karne nzima, halafu inaanza kuoza mara tu "ilipokarabatiwa".

Zege lenye nondo lina shida yake ya pekee. Nondo iliyomo ndani ya zege hulindwa na alkali ya saruji. Kloridi ya chumvi ikifika pale, ulinzi unavunjika na kutu inaanza, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara 2 hadi 6. Zege linapasuka kutokea ndani. Anayetumia mchanga wa ufukweni usiooshwa, au maji ya kisima chenye chumvi, ameipanda kutu siku ile ile ya kumwaga zege. Ndiyo maana unaziona hoteli ambazo hazijazeeka hata kidogo, nguzo zake zimechanika na nondo nyekundu zinachungulia, huku msikiti wa mawe wa karne kadhaa umesimama jirani. Ongeza hapo kwamba utengenezaji wa saruji unatoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayozalishwa na binadamu duniani, na utaelewa kwa nini wasanifu wengi wameanza kuitazama chokaa upya. Chokaa huiva kwenye joto la nyuzi 900 hivi, saruji huhitaji 1,450. Na chokaa ikishapakwa, huirudisha ndani yake sehemu ya hewa ukaa kadiri inavyokuwa ngumu.

Mtu atasema, basi turudi kwenye matumbawe na chokaa. Hapa ndipo urithi na mazingira vinapogombana, na brosha za hoteli hazigusi kabisa ugomvi huu.

Matumbawe ya ujenzi ni ya aina mbili. Kuna jiwe la kale, lililokuwa mwamba wa baharini maelfu ya miaka iliyopita na sasa liko nchi kavu, ambalo huchimbwa kwenye machimbo. Na kuna matumbawe yanayokatwa baharini yakiwa mabichi. Ni laini yakiwa na maji, huchongeka vizuri, kisha hukauka yakawa magumu. Haya ya pili ndiyo yaliyotengeneza mihrabu na fremu za milango ambazo leo tunazistaajabia katika magofu ya Kilwa na Gedi. Kiasi kilichohitajika kwa mji mdogo wa wafanyabiashara kilikuwa kidogo. Kiasi kinachohitajika kwa hoteli kumi zinazojengwa kwa mpigo ni habari nyingine. Maldives walichimba matumbawe ya miambani kwa ajili ya ujenzi, na utalii ulioanza huko 1972 ukaongeza mahitaji. Mwaka 1987 mawimbi makubwa yaliufurika mji wa Malé, na baadaye mji ukazungushiwa kuta na vikinga mawimbi vya zege kwa msaada wa Japani. Kazi ya kuvunja mawimbi, mwamba hai huifanya bure.

Tanuri la chokaa nalo linakula kuni, na kuni za pwani mara nyingi ni mikoko. Kwa hiyo hoteli inayotangaza "chokaa asilia" inapaswa kuulizwa imechomwa kwa nini na imechomwa wapi. Kwa maoni yangu hoteli mpya haina haja ya kujengwa kwa matumbawe hata kidogo. Inachohitaji ni tabia ya ukuta ule: unene pale jua linapopiga, plasta inayopumua, weupe unaorudisha mwanga, na nondo kwa uchache. Tofali la udongo ulioshindiliwa na kupigwa plasta ya chokaa linaweza kutoa sehemu kubwa ya hayo, na jiwe la machimbo ya nchi kavu linaweza kuwekwa pale tu linapobeba uzito au linapokutana na maji.

Ukitoka ukutani unapanda darini. Wauzaji wa miti ya mikoko wana jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ndiyo iliyobeba dari za nyumba za mawe, na kwa kuwa haivuki mita 3 hivi bila kupinda, vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba na virefu kwa ubavu. Wembamba huo una kazi yake. Hewa inapenya upande huu ikatokea upande ule, na mwanga unafika hadi mwisho wa chumba. Chumba cha hoteli ya kisasa kimepangwa kinyume: kimezama ndani, dirisha liko upande mmoja, na upande wa pili kuna bafu na korido. Hewa ikiingia haina pa kutokea. Msanifu anapobandika boriti za mapambo chini ya dari la zege katika chumba chenye upana wa mita 5, amechukua mti akaiacha hesabu yake. Isitoshe, ameukata bure. Mikoko ni malezi ya samaki na kamba, hushika udongo wa ufuko na kuhifadhi kaboni nyingi kwenye matope yake; kuikata kwa ajili ya pambo ni hasara isiyo na maelezo. Penye haja ya mti wa kweli, mvinje unapandwa shambani, unakua haraka na umeshachukua nafasi ya mikoko katika sehemu nyingi za ujenzi wa pwani.

Sasa joto. Kuna jambo linalorudiwa sana na ambalo ni nusu ya ukweli: kwamba kuta nene hupoza nyumba. Jangwani ni kweli, kwa sababu usiku wa jangwani ni wa baridi. Ukuta hunywa joto mchana na kulitapika usiku. Pwani ya kitropiki haina usiku wa namna hiyo. Tofauti ya joto kati ya saa nane mchana na saa kumi alfajiri huwa nyuzi chache tu, na unyevu hauondoki. Ukuta mnene hapo hukupa mchana wa poa na usiku wa hewa nzito. Wenye nyumba za mawe walilijua hilo, na ndiyo sababu nyumba nyingi zina sakafu ya juu iliyo wazi, imeezekwa makuti, ya kupunga upepo jioni na hata kulala. Nyumba ya fito, udongo na makuti, ambayo wasanifu wengi huidharau kuwa ya kimaskini, ndiyo inayopoa upesi jua likizama.

Somo la hoteli ni rahisi kulisema, ingawa wachache hulifuata. Sehemu za mchana, kama mapokezi, ukumbi na ofisi, ziwekwe nyuma ya kuta nzito. Vyumba vya kulala viwe vyepesi, chini ya paa refu, na vyenye matundu pande mbili zinazotazamana. Kati ya paa na ukuta pabaki mwanya wa kutolea hewa moto inayopanda. Huko ndiko kufuata urithi, hata kama jengo halifanani na nyumba yoyote ya kale.

Mwelekeo wa upepo ndio unaoamua kama mpango huo utafanya kazi. Katika Bahari ya Hindi ya magharibi kuna kaskazi inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi na kusi inayotawala katikati ya mwaka, na juu ya hizo kuna upepo wa kila siku: mchana hewa hutoka baharini, usiku hutoka nchi kavu. Jengo lililonyooshwa sambamba na ufuko bila mapengo, ili kila chumba kipate mandhari ya bahari, huwa ukuta mmoja mrefu unaozuia upepo kwa majengo yote ya nyuma. Vijiji vya pwani vilivyopangwa kwa nyumba zilizotawanyika vinapitisha hewa vizuri zaidi kuliko hoteli nyingi zenye mchoro wa mamilioni. Na ufuko ukitazama magharibi, mandhari ya bahari ndiyo mandhari ya jua la alasiri. Hapo utahitaji baraza pana au viambaza vya mbao vyenye matundu, kama roshani zile za mbao za Jeddah zinazomwezesha mtu kukaa kivulini, apate hewa na aone njia.

Kuhusu kiyoyozi, sioni maana ya kujifanya hakihitajiki. Mgeni aliyetoka kwenye baridi usiku wa jana hawezi kulala nyuzi 29 akashukuru. Swali ni kiyoyozi kinapoza nini. Upepo wa feni wenye mwendo wa mita moja kwa sekunde humfanya mtu ahisi poa kwa nyuzi 2 hadi 3 zaidi, kwa hiyo feni na kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 27 vinatosha pale ambapo wengi huweka 20. Sehemu ya kulala inaweza kuwa chumba kidogo kinachofungika ndani ya nafasi kubwa iliyo wazi. Kuna hata mitambo inayopoza kitanda tu, ndani ya chandarua. Kupoza sebule yenye milango ya kioo inayofunguliwa kila dakika ni kuichoma dizeli bure.

Msanifu aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengi ni Geoffrey Bawa wa Sri Lanka, aliyefariki 2003. Hoteli yake ya Bentota ilikamilika 1969, na ile ya Lighthouse mjini Galle mwaka 1997. Humo kuna nyua zenye maji, varanda za kina kirefu, mapaa yanayoshuka chini kukinga mvua ya upepo, na korido zisizo na kuta. Hakuna nyumba moja ya kale aliyoinakili. Alichukua namna watu wa kisiwa kile walivyokaa na mvua na jua, kutoka majumba ya kienyeji na ya kikoloni pia, akaipanua ikatosha hoteli. Bahari nayo hakuionyesha yote mlangoni. Mgeni anapitishwa kivulini, anapanda ngazi, ndipo maji yanapomtokea.

Paa la makuti linastahili maneno machache. Makuti ya viungo, yale yaliyokunjwa na kushonwa kwenye kijiti, yakipangwa karibu karibu juu ya paa lenye mteremko mkali, hayavuji na hayapitishi joto la jua kama bati. Hudumu miaka 5 hadi 7. Yakipangwa mbali mbali ili kubana matumizi, au yakilazwa kwenye mteremko mdogo, huoza upesi, na hapo mwenye hoteli husema makuti hayafai. Hatari halisi ni moto: cheche moja penye upepo wa kusi na vibanda vilivyobanana, na hoteli nzima huteketea. Kwa hiyo mapengo kati ya majengo, jiko mbali, na maji ya kunyunyizia juu ya kilele cha paa ni sehemu ya usanifu. Makuti ya plastiki yanayouzwa kama suluhisho hayahitaji kubadilishwa mara kwa mara, ila jua huyapukutisha na vipande vyake huishia baharini. Siyapendi, na nadhani mgeni naye akiyashika huyajua.

Kuna pia urithi uliobuniwa. Vibanda vilivyosimama juu ya maji, ambavyo dunia nzima sasa huvihesabu kuwa ujenzi wa asili wa Polinesia, vilianza 1967 katika kisiwa cha Raiatea. Waliovianzisha ni Wamarekani watatu waliokuwa na hoteli pasipo na ufuko mzuri wa mchanga, wakaona bora waweke vyumba juu ya maji. Ulikuwa ubunifu mzuri wa kibiashara, sina ugomvi nao. Shida ni kwamba sasa unapandikizwa kila mahali kwa jina la utamaduni, na nguzo zake huchimbwa kwenye mwamba, kivuli chake hunyima mwanga majani ya bahari na matumbawe yaliyo chini, na maji taka husafirishwa kwa bomba refu juu ya maji. Kabla ya kuita kitu urithi, mtu aulize nani aliishi humo, na lini.

Nimeacha maji mpaka sasa kwa makusudi, maana ndiyo sehemu ambayo mgeni haioni na mwenyeji huihisi kwanza.

Chini ya visiwa na pwani nyingi za matumbawe, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi yaliyojaa ardhini, kwa sababu ni mepesi kidogo. Wanasayansi wawili, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, waliieleza kanuni yake kila mmoja kwa wakati wake: kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamepanda juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kanuni hiyo ina upande wa kutisha. Ukivuta maji kisimani mpaka yakashuka kwa nusu mita tu, maji ya chumvi yanaweza kupanda kutoka chini kwa mita 20. Kisima cha hoteli kinaanza kuwa na ladha ya chumvi, na visima vya kijiji vinafuata, mara nyingine vinatangulia kwa sababu ni vifupi. Kurudisha utamu huo huchukua misimu mingi ya mvua.

Hoteli inatumia kiasi gani? Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vya kitalii vya Zanzibar, likakuta chumba kimoja cha wageni kikitumia, kwa wastani, takriban mara 16 ya maji yanayotumiwa na kaya nzima ya kijijini. Maji hayo hayaishii kooni. Yanaishia kwenye bustani za nyasi, bwawa la kuogelea, shuka zinazofuliwa kila siku. Ndiyo maana uamuzi mkubwa wa maji hufanywa mezani kwa msanifu, siku anapochora majani ya aina gani yatazunguka vyumba. Mimea ya pwani iliyozoea chumvi haiombi maji. Nyasi za kiwanja cha gofu zinaomba kila jioni. Kutengeneza maji matamu kutoka baharini kunawezekana, kwa umeme wa kilowati-saa 3 hadi 4 kwa kila mita moja ya ujazo, lakini maji makali ya chumvi yanayobaki lazima yapelekwe mahali, na mahali penyewe mara nyingi ni kwenye matumbawe yale yale wageni waliyofuata.

Mfano mzuri wa kulitatua hilo bila mbwembwe uko Chumbe, kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar ambacho mwamba wake ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Kuna vibanda 7 tu vya wageni. Paa la kila kibanda ndilo mtego wa mvua. Maji huchujwa na kuhifadhiwa kwenye birika lililo chini ya sakafu. Choo hakitumii maji, kinageuza kinyesi kuwa mboji. Maji ya kuogea hupita kwenye vitalu vya mimea kabla ya kurudi ardhini, na taa zinatumia jua. Mabirika ya mvua ni urithi wa pwani kama ulivyo mlango wa nakshi, ila hayapigwi picha. Mtu atasema vibanda 7 si biashara kwa mwenye mkopo wa vyumba 200, na atakuwa na hoja. Lakini birika chini ya sakafu halina ukomo wa idadi ya vyumba; lina ukomo wa eneo la paa kwa kila mgeni, na eneo hilo mwenye vyumba 200 vya ghorofa hana. Hapo idadi ya ghorofa inakuwa suala la maji.

Suala la kimo lina historia yake. Huko Bali, Indonesia, hoteli ya ghorofa 10 ilifunguliwa katika ufuko wa Sanur mwaka 1966. Ilionekana kutoka kila upande, na baadaye kisiwa kikaweka ukomo wa mita 15, yaani kimo cha mnazi. Ukomo huo haukuzuia msongamano wala foleni za magari, lakini uliacha mnazi uwe mrefu kuliko jengo, na kwa hoteli ya pwani hilo ni jambo la maana: minazi ndiyo inayotoa kivuli kwa paa na ukuta.

Umbali kutoka majini una uzito zaidi ya kimo. Tanzania, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari. Hispania, kwa sheria yake ya pwani ya 1988, iliweka ukanda wa mita 100. Watu huziona namba hizi kama urasimu. Ufuko wa mchanga hata hivyo hautulii; msimu mmoja wa upepo huuchukua mchanga, mwingine huurudisha, na bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, hufika mahali ambapo mwenye kiwanja, aliyekinunua wakati wa maji kupwa, hakudhani. Katika karne iliyopita na ushei, kati ya 1901 na 2018, bahari ilipanda kwa sentimita 20, na jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi linakadiria nyongeza ya kati ya sentimita 28 na mita 1 ifikapo 2100. Hoteli iliyojengwa mchangani itadai ukuta wa kuzuia mawimbi. Ukuta hurudisha nguvu za wimbi chini, mchanga ulio mbele yake unachimbwa, ufuko unatoweka, na jirani asiye na ukuta analiwa kwa pembeni. Hapo hoteli ya ufukweni imebaki bila ufuko. Vijiji vya zamani vya wavuvi viliweka ufukweni vitu vya kuhamishika, vibanda na ngalawa, na nyumba zikakaa nyuma ya miti. Taa pia hupungua ukirudi nyuma, jambo linalowafaa kasa, kwa kuwa watoto wa kasa wakitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga na taa za hoteli huwapoteza.

Nyuma ya hayo yote wapo watu. Baraza ya nje ya nyumba ya pwani ilikuwa mahali pa mwenye nyumba kukutana na mpita njia bila kumwingiza ndani. Hoteli huiweka baraza hiyo ndani ya geti lenye walinzi, mahali ambapo hakuna mpita njia. Mbaya zaidi ni pale uzio unapoifunga njia ya wavuvi na wakulima wa mwani kwenda majini. Njia hiyo ni urithi pia, tena ina umri mkubwa kuliko jengo lolote, na kuiacha wazi katika mchoro hakugharimu chochote zaidi ya kupunguza vyumba viwili vitatu. Kutumia nyumba za kale zilizokwisha kusimama kuwa vyumba vya wageni, kama mamlaka ya utalii ya Ugiriki ilivyofanya kijijini Oia, Santorini, kuanzia miaka ya 1970, kunaokoa saruji nyingi na kuziokoa nyumba. Lakini Oia na Lamu zote zimeonja matokeo yake, bei za nyumba zikapanda na wenyeji wakahamia kando.

Vyeti vya kijani vinasaidia kiasi. Kile cha EDGE, kwa mfano, kinachopewa majengo yanayobana matumizi, kinadai uokoe angalau asilimia 20 ya nishati na ya maji, na kinapima pia vifaa vya ujenzi, ukilinganishwa na jengo la kawaida. Hakiulizi njia ya wavuvi iko wapi.

Linalobaki ni matengenezo, na hapa ndipo hoteli nyingi nzuri huharibika. Plasta ya chokaa, paa la makuti na mlango wa mbao vyote vinadai mkono wa fundi kila mwaka. Wajenzi hulipwa, huondoka, na meneja mpya anapoona doa ukutani anatuma mtu dukani akanunue saruji. Kwa hiyo bajeti ya uendeshaji ya mwaka wa kwanza iwe na mshahara wa fundi chokaa mmoja na mwanafunzi wake, mkataba wa makuti na washonaji wa kijiji cha jirani, na nyuma ya karakana pachimbwe shimo la kuivishia chokaa kabla hata mgeni wa kwanza hajafika.